Bustani ya Forodhani na Majengo Yake ya Kale

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kusikia habari za bustani ya Forodhani huko Unguja, na baadhi yao wamepita pale walipokwenda kuwatembelea jamaa zao au kulitazama kanisa kuu la Mkunazini. Bustani hiyo husifiwa sana. Husifiwa kwa taa zake, na kwa mishikaki yake, na kwa upepo wa bahari uvumao jioni. Walakini ni wachache wanaouliza kama kazi iliyofanywa pale ni kazi njema, yaani kama vitu vya kale vilivyomo na vilivyoizunguka vimetunzwa kwa haki, au vimepakwa rangi tu ili vimpendeze mgeni. Swali hilo nataka kuliuliza hapa, maana sisi wakaaji wa Morogoro tunayo majengo yetu ya kale yanayongoja hukumu, na yafaa tutazame kwanza jinsi wenzetu walivyofanya, wapi walipopatia na wapi walipokosea.

Kwanza mahali penyewe. Jina lake latosha kutwambia habari: forodha ni nyumba ya ushuru, na hapo ndipo mali za bara zilipopokewa na kutozwa ushuru siku za Masultani. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Unyamwezi na Manyema, zikapita katika nchi yetu chini ya milima ya Uluguru hata Bagamoyo, zilivushwa maji na kushushwa pwani ile. Hata watu walitozwa ushuru, kichwa kwa kichwa, kama mizigo, mpaka mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Baadaye gati mpya ilijengwa upande wa Malindi, na kazi ya forodha ikahamia huko. Uwanja ukabaki wazi, ukageuzwa kuwa bustani katikati ya miaka ya 1930, ukaitwa Bustani ya Jubilii kwa kuadhimisha miaka 25 ya ufalme. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Watu wenyewe hawakujali sana majina hayo mawili. Waliendelea kusema Forodhani, na Forodhani ndivyo ilivyo hata leo.

Mtu akisimama katikati ya bustani na kuipa bahari kisogo, aona mbele yake safu ya majengo ambayo pengine haina mfano katika Afrika ya Mashariki. Mkono wake wa kuume iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ngome hiyo ilijengwa mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, lililosimamishwa kati ya mwaka 1598 na 1612, na mabaki ya kuta za kanisa yameingia katika kuta za ngome. Nalitaja jambo hili kwa sababu Wakristo wengi hupita pale bila kujua kwamba sala za Kikristo zilisemwa mahali hapo zaidi ya miaka 250 kabla Mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafika Bagamoyo. Kushoto kwa Ngome yasimama Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Na mbele kidogo ni jumba la kifalme, ambalo sasa ni makumbusho.

Basi bustani imo kati ya mambo hayo yote na bahari. Ndani yake pana vitu vya kale vichache tu, wala si vya kale sana: kibanda cha muziki ambamo bendi ilikuwa ikipiga, njia, chemchemi ya kujengwa, miti mikubwa, ukuta wa bahari, na tao jeupe lililoko ukingoni mwa maji, ambalo nitalisema habari zake baadaye.

Ilipofika mwanzo wa karne hii bustani ilikuwa imechakaa. Mifereji ya maji ya mvua ilikuwa mibovu, nyasi zimekufa kwa kukanyagwa, giza lilikuwa jingi, na bahari ilikuwa ikila ukuta kwa chini. Mwaka 2008 Shirika la Utamaduni la Aga Khan, pamoja na Serikali ya Zanzibar, lilianza kuitengeneza, na bustani ikafunguliwa tena mwezi wa Julai 2009. Walitengeneza njia kwa mawe, wakatia mifereji na taa, wakapanda miti mipya na kuihifadhi ya zamani, wakakirudishia kibanda cha muziki umbo lake, wakawawekea wauzaji wa chakula mahali pao.

Hukumu yangu ni hii: katika jambo lililo kubwa kuliko yote, kazi ile ilikuwa njema. Waliotengeneza hawakuona haya kwa uchache wa vitu walivyovikuta. Mafundi wengi wakipewa fedha na uwanja, hutaka jina lao lionekane. Wangaling'oa kibanda kile kidogo na kusimamisha jukwaa la saruji lenye paa la ajabu, na mnara wa saa, na sanamu. Hawa hawakufanya hivyo. Kibanda kilibaki pale pale kilipokuwa, kwa kimo kile kile, na njia zikaelekea kwake kama zilivyoelekea siku za bendi. Mzee aliyekwenda pale utotoni akirudi leo haulizi njia. Nadhani hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kazi ya kuhifadhi, nacho ni kigumu kuliko wengi wadhanivyo, kwa sababu humtaka fundi afiche ustadi wake.

Jambo la pili la kusifiwa ni kwamba bustani haikutiwa ua na kufungwa. Ingaliwezekana kuweka mlango na tiketi, kwa kisingizio cha kulinda maua. Bustani yenye kufungwa ingalidumu safi, lakini ingalikufa. Maana vijana wa Mji Mkongwe huja pale kila jioni kujitupa baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwenziwe, na wazee huja kukaa na kuzungumza, na akina mama huja na watoto. Watu hao ndio warithi wa mahali pale, na kuwafukuza ili kuhifadhi urithi wao kungekuwa kituko.

Sasa nije kwenye tao. Mwaka 1956 Princess Margaret, nduguye Malkia wa Uingereza, alikuja kuitembelea Unguja, na tao hilo lilijengwa ukingoni mwa bahari ili apande pwani kwa heshima kwa kupita chini yake. Yasemwa kwamba hakupita hapo. Alipokewa bandarini kwingine, na tao likabaki mlango usioingiliwa na mgeni aliyejengewa. Miaka minane baadaye yakaja Mapinduzi. Watu wangeweza kulivunja kwa nyundo mchana mmoja, wala hapana ambaye angelilia. Hawakulivunja, na waliotengeneza bustani mwaka 2008 hawakuliondoa pia.

Wako wasomaji watakaosema ya kwamba kutunza jiwe la mgeni aliyetutawala ni kuendelea kumwinamia. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana kuna mawe ambayo kweli yalisimamishwa ili kututisha. Wadachi waliweka Dar es Salaam, mwaka 1909, sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri, naye amesimama juu kwa majivuno, na askari Mwafrika chini yake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikapelekwa Ulaya, ikasimamishwa katika mji wa Hamburg, na huko wanafunzi wa Kidachi wenyewe wakaiangusha katika miaka ya 1960, maana waliona aibu kwayo. Mahali ilipokuwa Dar es Salaam pakawekwa mwaka 1927 sanamu ya Askari, iliyopo hata leo katika kibustani kidogo njiapanda, kwa ukumbusho wa Waafrika, askari na wapagazi, waliokufa katika vita ya 1914 hata 1918. Sidhani yuko mtu anayetaka Wissmann arudishwe.

Lakini tao la Forodhani si Wissmann. Halimkanyagi mtu. Tena muda umeligeuza maana: leo wapenzi hupiga picha chini yake, wavulana huparamia mabega yake ili waruke majini, na mgeni akiambiwa kwamba lilijengwa kwa ajili ya binti wa mfalme ambaye hakulipitia, hucheka. Ufalme uliojenga mlango ukakosa kuupita umefundishwa vizuri zaidi kwa mlango wenyewe kuliko kwa kurasa kumi za kitabu cha historia. Kama ningekuwa na darasa pale ningelianza na tao hilo. Hivyo nawapa haki waliolibakiza, nami nadhani tofauti ndiyo hii: sanamu ya Wissmann ilimsema mtazamaji kwamba yeye ni mdogo, tao halimwambii mtu neno kama hilo.

Nimekwisha kusifu, sasa niseme yaliyonikwaza.

Kwanza ni lile jahazi la kuchezea watoto. Katika matengenezo ya 2009 waliweka bustanini chombo cha mbao chenye umbo la jahazi, watoto wapande na kushuka. Watoto hulipenda, wala sina neno juu ya furaha yao. Lakini ng'ambo ya ukuta, hatua chache tu, vyombo vya kweli hupita vikiwa vimetweka tanga, na mtoto aliye juu ya jahazi la uongo hukipa kisogo chombo cha kweli. Kitu kilichotengenezwa kufanana na cha kale, kikawekwa kati ya vitu vya kale vyenyewe, humfundisha mtazamaji kuvichanganya. Ni kosa dogo. Nalitaja kwa sababu kosa hilo likikua huzaa miji mizima ya kuigiza, kama tuonavyo katika hoteli nyingi za pwani, ambako milango ya nakshi imechongwa juzi na kupakwa masizi ipate kuonekana mizee.

La pili ni chakula. Jioni bustani hugeuka soko: pweza, kamba, mishikaki, urojo, juisi ya muwa, na ile chapati ya kujazwa nyama na mayai waiitayo piza ya Zanzibar. Wauzaji hawa wana haki ya mahali pale kwa desturi ya miaka mingi, na kuwatengea sehemu yao kulikuwa busara. Walakini moshi na mafuta, na mwito wa kumvuta mgeni kwa mkono, vyaweza kumsahaulisha mtu kwamba yuko mahali gani. Sisemi waondolewe. Nasema tu kwamba bustani ikitegemea mfuko wa mgeni, hukumu ya yaliyo mazuri nayo huhamia kwa mgeni, na mwenyeji huanza kuketi pembeni.

La tatu ndilo kubwa, nalo halimo bustanini bali ng'ambo ya barabara.

Beit al-Ajaib ilikuwa fahari ya mji wote. Ina dari za juu, varanda pana zinazoizunguka pande zote, na nguzo nyembamba za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo. Ilikuwa nyumba ya kwanza Unguja kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga, katika vita iliyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Majengo ya jirani yakaharibika vibaya, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukapigwa, lakini Beit al-Ajaib ikasalimika. Baadaye ikatiwa mnara wa saa mbele yake. Ikawa ofisi za Serikali ya Kiingereza, na baada ya Mapinduzi ikawa chuo cha chama, kisha makumbusho. Mbele ya mlango wake kuna mizinga miwili ya shaba yenye nembo ya mfalme wa Ureno, na juu yake pameandikwa kwa Kiajemi, kwa kuwa Waajemi waliiteka kwa Wareno huko Hormuz mwaka 1622. Wareno, Waajemi, Waarabu, Waingereza, na Waafrika waliobeba mawe: wote wameandikwa pale katika hatua ishirini za ardhi.

Basi bustani ilipofunguliwa mwaka 2009, kwa taa na maua, nyumba hiyo ilikuwa ikioza. Mwaka 2012 pembe moja ya varanda ikaanguka. Makumbusho yakafungwa. Fedha zikatafutwa, na Oman ikaahidi kusaidia. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza, mafundi wamo ndani, siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2020, upande mzima wa mbele ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Wakati sisi tulipokuwa tukitoka makanisani na kupeana mkono wa Noeli, wenzetu walikuwa wakifukua mawe kwa mikono kule Forodhani kutafuta waliofunikwa.

Yuko atakayesema kwamba si haki kuilaumu bustani kwa kuanguka kwa nyumba. Kwamba fedha za bustani zilikuwa za bustani, nazo zilikuwa chache, na za kuitengeneza nyumba zingehitajika nyingi mara kadha. Hiyo ni kweli, nami simlaumu fundi yeyote wa bustani. Lakini mtu anayeihukumu kazi hii hana budi kuitazama kama macho yanavyoitazama, na macho hayaoni mipaka ya mikataba. Aketiye katika kibanda cha muziki huitazama Beit al-Ajaib. Bustani ile iliwekwa kuwa ukumbi wa nje wa majengo yale. Uzuri wake ni wa kuazima. Tulipendezwa na ukumbi uliofagiliwa, tukapiga makofi, na makofi hayo yakatufanya tudhani ya kwamba Mji Mkongwe sasa umetunzwa. Kwa miaka kumi na moja wageni waliipiga picha bustani, na nyuma ya kila picha nyumba ilikuwa ikipasuka.

Hapa yafaa nieleze kwa nini majengo ya namna ile huharibika upesi yakiachwa, maana jambo lenyewe latuhusu hata sisi wa bara. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe ya baharini yenye vitundu, yakashikwa kwa udongo na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe yale yale juu ya kuni nyingi, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ilale. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haurefuki sana, vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu kama mapito. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Maji huingia wakati wa masika, nayo hutoka wakati wa jua, kwa sababu chokaa huyapitisha. Mwenye nyumba akiona plasta imemomonyoka, naye akaipaka saruji kwa kudhani kwamba saruji ni imara zaidi, ameufunga ukuta mdomo. Maji huingia juu kwa paa bovu yasipate pa kutokea. Chumvi ya bahari hukusanyika ndani. Udongo hugeuka uji. Ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza gizani, wala mtu haoni kitu mpaka siku dari inaposhuka. Ndiyo sababu Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, hushikilia sana kwamba nyumba zitengenezwe kwa chokaa. Wenye nyumba hunung'unika, maana chokaa hutaka subira na fundi anayeijua, na mafundi hao wamepungua. Beit al-Ajaib yenyewe ina mashaka ya namna mbili, kwa kuwa imechanganya mawe na chokaa pamoja na chuma, na chuma karibu na bahari hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka.

Hayo yote ni maarifa ya kazi, nayo yaliweza kuokoa zaidi kuliko maua.

Liko jambo moja tena ambalo bustani haikulisema vya kutosha. Nimesema kwamba mahali pale palikuwa forodha, na kwamba watu walitozwa ushuru hapo kama mizigo. Kule Mkunazini wamisionari walijenga kanisa kuu juu ya soko la watumwa, na kila mgeni huonyeshwa. Forodhani mtu aweza kula na kunywa usiku mzima asijue kwamba amekaa mahali waliposhushwa watu kutoka Uluguru, na Uzaramo, na Unyasa, na hatimaye hata mbali zaidi. Waliotengeneza bustani walikirudisha kibanda cha muziki, ambacho ni cha miaka ya watawala, nao walifanya vema. Lakini forodha ni ya kale kuliko kibanda, nayo imebaki katika jina peke yake. Kuhifadhi hakuwi kuhifadhi mawe yaliyosimama tu. Pasipobaki jiwe, pangewekwa neno.

Nasi tutaelewa jambo hilo kuliko wengine, maana kwetu halikubaki jiwe. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, alipita hapa Morogoro akaukuta mji wa Simbamwene, mji wa Kisabengo, nao ukitawaliwa na binti yake. Aliandika habari ya ukuta wa mawe, na minara minne katika pembe zake, na malango manne ya mbao yaliyochongwa kwa nakshi ya kipwani. Aliporudi mwaka 1872 mafuriko yalikuwa yamekwisha kuuchukua ukuta wa mbele na nyumba nyingi. Yaliyosalia yaliharibika kidogo kidogo. Na leo mtoto wa shule wa Morogoro akiulizwa lango la Simbamwene lilikuwa wapi, hawezi kunyosha kidole. Si kosa la mtu mmoja. Mto uliuvunja mji, na sisi tukaumaliza kwa kusahau, tukajenga juu yake.

Yaliyobaki kwetu ni ya zama za Wadachi: Boma lililo upande wa mlimani, na mambo ya reli, iliyofika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, ikaendelea hata Kigoma mwaka 1914. Treni mpya ya umeme ilipoanza kuja Morogoro mwaka 2024 ilikuwa imekwisha kujengewa stesheni yake nyingine. Hivyo ya zamani imepungukiwa na kazi, na jengo lililopungukiwa na kazi ndilo lililo karibu zaidi na kuvunjwa. Kadhalika yako makanisa ya kwanza ya misioni zetu, Mhonda na Matombo na Mgeta na kwingine, ambayo waumini wameyazidi kwa wingi, na halmashauri za parokia hukaa kushauriana kama wayavunje ili wajenge makubwa. Siwalaumu kwa kutaka nafasi. Nawasihi tu, kabla ya kuleta nyundo, wamwite fundi ajuaye chokaa na matofali ya kuchoma, alikague jengo na kuwaambia lina ugonjwa gani. Pengine litafaa kuwa shule, au ukumbi, au nyumba ya vitabu, na kanisa jipya likajengwa kando yake.

Wala wasidhani kwamba sheria itawafanyia kazi hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kama ilivyorekebishwa mwaka 1979, huyalinda kwa umri wao wenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Kuta za Simbamwene zingalilindwa, lakini hazipo. Boma na majengo ya reli yapo, lakini ni machanga kuliko tarehe hiyo. Hayalindwi kwa umri wake, ila Waziri ayatangaze katika Gazeti la Serikali kuwa ni ukumbusho wa taifa. Waziri hatangazi asichoombwa. Wazee wa mji, na walimu wakuu, na mapadre, na wachungaji, waweza kuiandikia Idara ya Mambo ya Kale barua moja yenye sahihi zao, wakitaja jengo, na mahali lilipo, na mwaka wake kama unajulikana, na kazi liliyofanya, na hali ya paa lake kwa sasa. Paa litajwe kwanza, maana mvua za vuli hazitangoji majibu.